Karatasi Inayobaki Nyumbani



Juma hili tunataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo kikundi chetu cha wamama watano kimeifanya jioni nyingi hapa Bukavu. Tunaandika karatasi ya kumwongoza mama hatua kwa hatua ili aunganishe kompyuta na simu za nyumba yake. Picha, masomo ya watoto na makaratasi ya jamaa vikae katika dosie moja, na watu wote wa nyumba waweze kuifungua. Karatasi yenyewe ni kurasa mbili. Wengi mmetuuliza: kurasa mbili tu, na miezi yote hii? Basi acheni tuwaeleze kazi hiyo inafanywaje, kwa sababu inahusu kila nyumba, hata ile isiyo na kompyuta leo.

Katika nyumba zetu nyingi kuna mtu mmoja anayejua mashine, na mara nyingi ni kijana. Ndiye anayejua neno la siri la Wi-Fi, ndiye anayejua picha za ndoa ya shangazi ziko wapi, ndiye aliyeweka diplome ya dada yake mahali fulani ndani ya kompyuta. Siku anapoenda kusoma Kinshasa ao kutafuta kazi Lubumbashi, nyumba inabaki na mashine ambayo wenyewe hawajui kuifungua. Mama anampigia simu, naye kijana anaeleza haraka haraka, «finya pale, hapana, pale chini», mpaka unite zinaisha. Ao mama anamwita fundi wa mtaa. Fundi anafanya kazi vizuri, analipwa, anaondoka, na ujuzi wote unaondoka naye mfukoni. Mwezi unaofuata anaitwa tena kwa jambo lile lile.

Na vitu vilivyo ndani ya mashine hiyo si vya mchezo. Sisi watu wa Bukavu tunajua mvua inavyoteremsha udongo wa milima pamoja na nyumba, na moto unavyokula nyumba za mbao zilizobanana kule Kadutu. Tunajua pia kuhama usiku na mtoto mgongoni. Vyeti vya kuzaliwa, bulletin za shule, makaratasi ya kiwanja: mara ngapi tumesikia mama akisema, «Vyote vilibaki mule»? Sasa wamama wengi wanapiga picha makaratasi hayo kwa simu. Ni jambo jema. Lakini picha ikikaa katika simu moja, na simu ikaibiwa sokoni Nyawera, tumerudi palepale. Ndiyo maana dosie ya nyumba inatuhusu sisi tunaotunza makaratasi ya jamaa, sawasawa na daftari la AVEC linavyowahusu wote walioweka akiba yao.

Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza. Fikirini kabati pale saloni. Kila mtu wa nyumba anaweza kulifungua, lakini sanduku la nguo za mama chumbani halifunguliwi na kila mtu. Katika kompyuta ni vile vile: unachagua dosie moja iwe kabati la saloni, na zingine zote zinabaki vyumbani. Simu na kompyuta zingine zinafika kwenye kabati hilo kwa kupitia kile kisanduku kinachotoa Wi-Fi.

Kabla ya kuandika hatua hata moja tulikwenda kwa wamama tukawauliza ni nini kinachowazuia. Tulidhani tungesikia mambo ya mashine. Karibu wote walitupa maswali matatu, na maswali hayo ndiyo yaliyokuwa mwanzo wa karatasi.

Swali la kwanza: «Hii itakula mega zangu?» Jibu ni hapana, nasi tumeliandika juu kabisa kwa herufi kubwa. Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Wi-Fi ni njia ya ndani ya parseli. Intaneti ni barabara ya nje, na hiyo barabara ndiyo inayolipiwa. Fishie ikitoka kwenye kompyuta ya saloni kwenda kwenye simu ya chumbani, inapita katika kisanduku na kufika, bila kutoka nje ya parseli. Hata mega zikiisha kabisa, bado inapita. Chukueni hesabu hii: picha moja ya simu inaweza kuwa na mega 4. Picha 250 za ndoa ni mega 1000, yaani giga moja. Mama akizituma kwa intaneti, bila kuzipunguza, kwa watoto wake watatu walio katika nyumba ile ile, yeye anatumia giga moja kuzipandisha, na kila mtoto anatumia giga moja kuzishusha. Ni giga nne, kwa watu wanaokula katika sahani moja. Kwa dosie ya nyumba ni sifuri.

Swali la pili: «Nikifinya vibaya, nitaharibu?» Hofu hiyo haiondoki kwa kumwambia mtu asiogope. Inaondoka kwa namna unavyopanga kazi. Kwa hiyo karatasi yetu inaanza na dosie mpya, tupu, yenye jina «Jaribio», na ndani yake nakala ya picha moja tu. Mama anajifunza kwa kitu ambacho kikipotea hakuna atakayelia. Mwisho wa ukurasa tumeonyesha namna ya kuifunga tena ile dosie, maana mtu anayejua kufunga mlango haogopi kuufungua.

Swali la tatu: «Nani ataona?» Hilo tutalirudia hapa chini, kwa sababu ndilo zito kuliko yote.

Sasa tuzungumze juu ya maneno. Tulikuwa na miongozo ya Kiswahili kutoka Tanzania, iliyoandikwa vizuri sana. Lakini inasema «bofya», na mama wa Bagira anasema «finya». Inasema «nywila», na hapa hakuna aliyetambua kwamba ni lile neno la siri. Inasema «faili» na «folda», na sisi tunasema fishie na dosie. Hatudharau Kiswahili cha wenzetu, watoto wetu wajifunze chote. Lakini karatasi inayofundisha mashine haiwezi kufundisha lugha kwa wakati ule ule. Mtu anachoka kabla ya kufika.

Kisha kuna maneno ya kioo chenyewe. Kompyuta nyingi zinazofika mjini kwetu zinasema Kifaransa, na zingine Kiingereza. Mwanzoni mmoja wetu alipendekeza tutafsiri kila kitu: badala ya «Partage», tuandike «Kushiriki». Mwingine akauliza, «Na mama akitafuta neno Kushiriki kwenye kioo, ataliona wapi?» Tukakubaliana kanuni moja: maelezo yote kwa Kiswahili, lakini neno la kufinya liandikwe kama lilivyo kwenye kioo, herufi kwa herufi, ndani ya kisanduku kilichochorwa kwa kalamu. Mama asiyesoma Kifaransa anaweza kulinganisha sura ya neno na sura ya neno, kama anavyotambua kitenge chake katikati ya vitenge mia.

Baada ya maneno, kujaribu. Hapa ndipo miezi ilipokwenda. Tulimpa mama karatasi, tukakaa nyuma yake, mikono mapajani na midomo imefungwa. Ni vigumu kuliko mnavyofikiri. Mtu akihangaika mbele yako, ulimi unawasha. Lakini siku atakapokuwa peke yake nyumbani hatutakuwepo, na karatasi ndiyo itakayosema. Kila mahali kidole chake kiliposimama tulitia alama, na kila alama ilidai sentensi mpya.

Kidole kilisimama sana kwenye alama moja ndogo: ule mstari ulioinama nyuma, \, ambao lazima uandikwe mara mbili mbele ya namba ya kompyuta. Kompyuta zilizotumika kutoka Ulaya zinakuja na herufi zilizopangwa kwa namna ya AZERTY. Kwenye zile za Ufaransa, unashika AltGr na kufinya 8. Kwenye zile za Ubelgiji, unashika AltGr na kufinya kile kibonyezo chenye < kilicho karibu na W. Na kwenye zile za namna ya Kiingereza, alama ina kibonyezo chake peke yake. Karatasi yetu sasa ina michoro mitatu midogo kwa ajili ya alama hiyo moja. Inachukua robo ya ukurasa, na haturudi nyuma, kwa sababu pale ndipo wamama wanne kati ya sita walikuwa karibu kuacha.

Kidole kilisimama tena pale simu inapouliza jina na neno la siri. Mama anaandika zile namba nne anazofungulia kompyuta asubuhi, na simu inakataa. Anaandika tena, inakataa. Anajiona hana akili. Kumbe namba hizo, zinazoitwa PIN, zinafanya kazi mbele ya kompyuta ile tu, hazipiti katika Wi-Fi. Kinachotakiwa ni neno la siri la konti yenyewe. Na konti isiyo na neno la siri, Windows haiiruhusu kuingia kwa njia ya mtandao. Kwa hiyo tunamwomba mama atengeneze konti ya pili katika kompyuta, aiite «nyumba», aipe neno la siri lake. Hilo ndilo atakalowapa watoto. Neno lake mwenyewe anabaki nalo.

Baada ya hapo hatua ni fupi. Katika mipangilio ya Wi-Fi ya kompyuta ya nyumbani, chagua «Privé». Finya dosie yako kwa upande wa kulia wa panya, chagua «Propriétés», kisha «Partage», kisha kibonyezo «Partager». Chagua jina «nyumba», finya «Ajouter». Hakikisha pembeni yake pameandikwa «Lecture», maana yake wataona na kunakili lakini hawatafuta. Finya «Partager», na kazi ya kompyuta imekwisha. Upande wa simu, fungua programu ya mafishie yenye mahali pa mtandao, andika namba ya kompyuta, jina «nyumba» na neno la siri. Kama hakuna kisanduku cha Wi-Fi, simu moja inaweza kufungua Wi-Fi yake mwenyewe huku mega zimezimwa, na mara nyingi inatosha.

Turudi kwa swali la tatu. Tulipokuwa tukijaribu, mama mmoja mshonaji alisimama kwenye orodha ya majina, akasoma kwa sauti: «Tout le monde.» Akacheka, kisha hakucheka tena. Akauliza, «Watu wote? Hata wale wa juu?» Alikuwa na haki. Katika parseli nyingi tunagawana Wi-Fi moja: mwenye nyumba, wapangaji, na jirani anayechangia franga kila mwezi. Wote wanaojua neno la Wi-Fi wako ndani ya ukuta mmoja. Dosie ikifunguliwa ovyo, hesabu ya AVEC, picha ya mtoto mgonjwa, barua ya mume aliye safarini, vyote vinaweza kufika chini ya macho yasiyohusika. Tangu siku hiyo, karatasi inaanza na swali hili kabla ya hatua ya kwanza: nani anajua neno la Wi-Fi yako? Waandike majina yao. Ukiwaamini wote, endelea. Usipowaamini wote, badilisha kwanza neno la Wi-Fi, na usichague kamwe «Tout le monde». Na ukiipeleka kompyuta kwenye cyber ao hotelini, hapo chagua «Public», mlango unajifunga.

Kuna jambo lingine la usalama ambalo tumeliandika kwa wino mwekundu. Kuna miongozo ya zamani inayomwambia mtu awashe kitu kinachoitwa SMB 1.0 ikiwa simu ao kompyuta ya zamani inakataa kuingia. SMB ndiyo lugha ambayo kompyuta zinatumia kuombana mafishie. Lugha hiyo haikubaki ya kampuni moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Andrew Tridgell wa Australia aliandika programu ya Samba, na kwa njia hiyo mashine za namna nyingi zikajifunza kuisema. Lakini ile sura yake ya kwanza imezeeka, na ina matundu. Katika Mei 2017 ugonjwa wa kompyuta unaoitwa WannaCry ulipita katika tundu la SMB 1.0, ukafunga mafishie ya watu na hospitali katika inchi nyingi za dunia na kudai feza ili yafunguliwe. Mwishoni mwa mwaka ule Windows 10 ilianza kuja bila SMB 1.0 kuwashwa. Kwa hiyo ushauri wetu ni mfupi: usiiwashe. Simu ikikataa, tafuta programu nyingine ya simu.

Kwa sababu hiyo hiyo kila karatasi yetu ina tarehe juu na jina la Windows tuliyoitumia. Zamani Windows ilikuwa na namna nyepesi ya kushirikiana nyumbani, iliyoitwa HomeGroup. Katika 2018 iliondolewa kwenye Windows 10. Mpaka leo mtu anaweza kukutana na maelezo mazuri yanayomtuma kutafuta kitu ambacho hakiko tena, naye anafikiri kompyuta yake ni mbovu. Mwongozo usio na tarehe ni kama dawa isiyo na tarehe kwenye chupa.

Tena kuna mambo ya kwetu ambayo mwongozo wa Ulaya hauna haja ya kuyasema. Umeme wa SNEL ukikatika, kisanduku kinazima na dosie inatoweka, hata kama kompyuta ina betri. Umeme ukirudi, kisanduku kinaweza kuipa kompyuta namba mpya. Jana ilikuwa 192.168.1.5, leo ni 192.168.1.8, na simu inasema haioni kitu. Hakuna kilichoharibika. Ni kama jirani amehamia mlango wa tatu. Karatasi inaonyesha namna ya kuangalia namba mpya kwenye mstari ulioandikwa «Adresse IPv4», na inaacha nafasi ya kuiandika kwa kalamu ya risasi, ili ifutwe. Kompyuta pia ikilala kwa sababu hakuna anayeigusa, dosie inalala nayo. Mambo haya mawili ndiyo yaliyokuwa yakiwarudisha wamama kwa fundi.

Tena, dosie ya nyumba si akiba. Kabati la saloni likiungua, vyote vilivyomo vinaungua. Makaratasi ya maana yanakiliwe pia kwenye kle USB, na kle hiyo ikae kwa dada ao kwa mzazi aliye mtaa mwingine. Tumeandika hivyo kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili.

Wapendwa, kazi hii imetufundisha kwamba mashine ndiyo sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kumjua anayesoma: anaogopa nini, anasema neno gani, taa yake inazima saa ngapi, nani anaishi ukuta kwa ukuta naye. Hayo hakuna fundi wa mbali anayeyajua kuliko sisi. Kila mmoja wenu anajua jambo ambalo wengine wa nyumba yake wanamtegemea yeye kwa ajili yake: kupika sabuni, kushona mfuko wa shati, kuandika hesabu ya mkopo. Liandikeni kwenye karatasi, mkae nyuma ya mtu na midomo imefungwa, mwone kama anafika.

Nakala za karatasi yetu ziko kwa mama mwandishi, bila malipo. Mchukue moja kwa nyumba, mwijaribu na dosie ya «Jaribio» kabla ya kuweka kitu cha maana. Kidole chako kikisimama mahali, tia alama pale pale na uturudishie karatasi. Tutakupa nyingine, na alama yako itakuwa sentensi katika ile itakayofuata.

Mbaki salama, na jamaa zenu.